Fundi Anayeuliza Kwanza

Flashi inapogoma kufomatika, mwenye nayo huwa hakubali mara moja. Ataichomoa, ataipuliza, ataifuta kwa pindo la shati, ataichomeka tundu jingine, kisha atabonyeza palepale. Kioo kinamrudishia jibu lilelile: diski imezuiwa kuandikwa. Hapo ndipo anapokata shauri kuipeleka Mlandege.

Nasema Mlandege ya Iringa, si ile ya Unguja yenye timu ya mpira. Kutoka Mashine Tatu kuja sokoni utakuta vibanda vya meza moja na kiti kimoja cha mteja: kompyuta ya mezani iliyofunguliwa ubavu ipate hewa, spika inayopiga kwaya tangu asubuhi, na karatasi ukutani inayotangaza kwamba nyimbo zinaingizwa, virusi vinasafishwa, kopi inatolewa. Anakuja dereva wa bajaji ambaye redio yake haisomi, mwanachuo wa Mkwawa mwenye ripoti ya mafunzo kwa vitendo, mama aliyeshuka na gari la Pawaga akiwa na picha za kipaimara. Wanaosema flashi imepitwa na wakati hawajapiga hesabu ya bando kwa mtu mwenye sabufa huko Kilolo. Mahubiri, muvi na nyimbo bado vinapanda milima vikiwa mfukoni mwa mtu.

Ufundi ninaousifu hauna cheche wala moshi, isipokuwa mara chache kichwa cha flashi kinapolegea na kudai kuchomelewa upya. Umo katika swali: "Ndani kuna nini?" Fundi anayeruka swali hilo mkimbie, hata awe na vyeti ukuta mzima. Anayeliuliza anajua kwamba kufomati kwa haraka hakufuti mafaili, kunafuta tu orodha inayoonyesha yalipo. Mafaili yenyewe yanaendelea kukaa humo na yanaweza kuokolewa, mradi hayajaandikiwa kitu kingine juu yake. Kwa hiyo anaokoa kwanza, kutengeneza kunafuata.

Tena anajua kuwa kukataa kuna sababu zake. Flashi nyingine ina kitufe ubavuni kilichosukumwa na funguo mfukoni. Anakirudisha, hadai hela. Nyingine ilitumika kuingizia Windows, ikabaki imegawanywa vipande visivyoeleweka. Hizi hupona. Anafungua lile dirisha jeusi la amri, anaita orodha ya diski, na hapo mtazame kidole. Diski 0, gigabaiti 465, ni kompyuta yenyewe. Diski 1, gigabaiti 931, ni ghala la nyimbo na muvi linalomlisha yeye na wanawe. Diski 2, gigabaiti 14, ni ya mteja. Anagusa kioo, anaisoma namba kwa sauti, anachagua 2, anaita orodha tena ahakikishe kinyota kimekaa mbele ya 2 na si kwingine. Anaondoa zuio la kuandika. Ndipo anaandika clean. Amri hiyo haina "una uhakika?" Ukikosea tarakimu moja, ghala limekwenda. Nimeona vijana wakiichapa huku wanabishania Simba na Yanga. Fundi niliyemzoea hupunguza hata sauti ya kwaya.

Lakini zipo zinazogoma kwa uzee, na hapa ndipo watu hupimana. Kumbukumbu ya aina hii aliitangaza Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba, mwaka 1984. Flashi za kwanza ziliingia madukani mwaka 2000 zikiwa na megabaiti 8, wimbo mmoja wa kwaya au nyimbo mbili. Ukubwa umeongezeka kupita kiasi, ila udhaifu ni uleule. Kila chembe hushikilia elektroni nyuma ya ukuta mwembamba ajabu, na kila kufuta ni kuzilazimisha elektroni hizo zipenye ukuta. Ukuta unachakaa. Chipu za bei nafuu huvumilia kufutwa mara elfu moja hivi, nyingine hazifiki. Humo ndani kuna chipu nyingine, msimamizi, inayoyapumzisha maeneo yaliyochoka na kuita ya akiba. Akiba ikiisha, flashi nyingi hujifunga: kuandika hapana, kusoma ruksa. Maana yake flashi inayokusumbua kwa ukaidi huenda inakulindia kilichobaki, na wewe unashindana nayo.

"Kamwene, mama. Hii haitafomatika tena."

"Si uilazimishe tu, mwanangu?"

"Nikiilazimisha naweza kupoteza na picha. Sasa hivi zinasomeka zote. Nunua nyingine, nikuhamishie."

Mama huyo alikuja akitaka flashi tupu ya kuwekea nyimbo. Picha za kipaimara hata hakuzitaja mpaka alipoulizwa.

Kuna na zile zilizozaliwa na uongo, zimeandikwa terabaiti 2 mgongoni na tumboni zina gigabaiti 8 au 16, msimamizi wake kapangwa aidanganye kompyuta. Unaweka muvi, majina yanaonekana, ukifungua hakichezi kitu. Unafomati, shida inarudi. Dawa ya kuijua ni kuijaza mpaka juu kisha kuisoma yote upya, kazi ya saa nyingi ambayo hakuna mteja anayeisubiri kwenye kiti. Fundi huiacha ikijipima huku akiendelea na wengine, na jioni anakuambia ukubwa wake halisi, nawe unabaki na hasira ya kumpelekea aliyekuuzia.

Kasoro ya kazi hii ni malipo. Kuingiza nyimbo kuna bei, kutoa kopi kuna bei, lakini kumwambia mtu "imekufa, usipoteze hela" hakuna mwenye bei yake. Mteja anainuka: hujafanya kitu, nikulipe nini? Na fundi, ambaye amemaliza nusu saa akiisoma flashi moja, anacheka, anamrudishia na kusema karibu tena. Mimi ningeanza na hiyo kwenye karatasi ya ukutani, juu kabisa, kwa bei kubwa kuliko ya kufomati.