Saa Moja ya Tarime kwenye Uso wa Saa

Chapa ndogo ya saa za mkononi haitengenezi saa nzima. Mashine hununuliwa ikiwa tayari kutoka viwanda vikubwa kama Miyota na Seiko vya Japani au Sellita cha Uswisi, na kasha huagizwa kwa watengenezaji wanaohudumia chapa nyingi. Mbunifu hubaki na uso wa saa, duara lenye upana wa sentimita tatu hivi, pamoja na mishale yake. Ndiyo maana saa inayojinadi kwa urithi wa taifa huubeba urithi huo karibu wote usoni.

Njia iliyozoeleka ni kuchapa nembo. Huko Oman, baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, ziliagizwa saa za Rolex, nyingi kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na nembo ya jambia na panga mbili, zikagawiwa zawadi kwa maofisa. Ndani hazikubadilishwa kitu. Tofauti yote ilikuwa tabaka jembamba la rangi. Bangalore Watch Company, chapa ndogo ya India iliyoanza mwaka 2018, imekwenda mbele kidogo kwa kujenga matoleo mazima juu ya ndege za kivita, safari za anga na kriketi, lakini mashine nazo ni za kununua.

Wilaya za Tarime na Serengeti nchini Tanzania, zinazotenganishwa na Mto Mara, hazina upungufu wa alama za namna hiyo. Nyumbu wamekwisha chakazwa na matangazo ya utalii. Litungu, ala ya muziki ya Wakurya, lina mvuto zaidi, ila lina nyuzi nane, na nane haikai vizuri kwenye duara la saa kumi na mbili: nyuzi zikitawanywa kama miale, zitaachana kwa digrii 45, wakati alama za saa huachana kwa digrii 30, na zitakutana mahali pane tu. Inafaa zichorwe zikikatiza uso kutoka juu hadi chini. Dhahabu ya Nyamongo, huko Tarime, nayo inashawishi, lakini kasha la karati 18 ni dhahabu asilimia 75 tu, iliyobaki ni madini mengine ya kuipa ugumu. Isitoshe, dhahabu ya migodi mbalimbali ikishayeyushwa pamoja haitambulikani tena ilikotoka. Anayetaka kuandika jina la Nyamongo kwenye kasha lazima mzigo wake usafishwe peke yake tangu mwanzo.

Urithi mzito zaidi unapita kila siku bila kuchorwa popote, nao ni hesabu yenyewe ya saa. Mshale mfupi ukiwa kwenye 9 asubuhi, mtu wa Mugumu, Serengeti, husema ni saa tatu. Anasoma namba iliyo mkabala na mshale, wakati dakika anazisoma palepale zilipo. Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia asubuhi. Kuifanya saa iseme kama anavyosema mwenye nayo kunawezekana kwa njia tatu, na hazilingani.

Rahisi kuliko zote ni kuzungusha kifundo cha pembeni hadi mishale isogee saa sita. Haina gharama, lakini kwenye saa yenye tarehe huleta mkorogo, kwa sababu mashine hubadilisha tarehe mshale unapofika 12 kwa mara ya pili. Sasa 12 hiyo itakuwa ama ya jioni ama ya asubuhi, kwa chaguo la aliyeirekebisha. Ya jioni inaafikiana na hesabu ya kale ya pwani, ambamo siku huanza jua linapozama, na usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wake. Kwa kalenda ya ofisi na benki, hata hivyo, tarehe itakuwa imetangulia kuanzia magharibi hadi usiku wa manane, saa ambazo watu wangali macho. Ya asubuhi huichelewesha tarehe kwa muda uleule wa saa sita, lakini wengi wamelala. Kosa hilo ni la kuvumilika.

Njia ya pili ni ya fundi. Saa inapounganishwa, kifundo huzungushwa mpaka tarehe igeuke, kisha mishale yote miwili hubandikwa kwenye 12. Fundi akiubandika mshale wa saa kwenye 6 badala yake, uso unabaki wa kawaida, 12 juu, dakika hazibadiliki, na tarehe inageuka saa sita usiku kama inavyotakiwa. Hakihitajiki kifaa kipya hata kimoja. Kwa chapa yenye mtaji mdogo, hii ndiyo njia ya kupendelea. Kwa saa iliyokwisha tumika ni hatari kidogo: tundu la mshale hulegea unapong'olewa, na rangi ya uso hukwaruzika.

Ya tatu ni kuchapa uso mpya na kuiacha mishale ilivyo. Hapo 1 hukaa mahali pa 7, na 6 hupanda juu. Uso wa kawaida hauwezi kugeuzwa tu miguu juu, maana nyuma yake una vijiti viwili vya kuushikilia kwenye mashine, na dirisha la tarehe lingehama. Dakika lazima zianzie juu vilevile, kwa hiyo hupewa duara lao la nje na saa duara la ndani. Mashine yenye mshale wa nne unaozunguka mara moja kwa siku, kama NH34 ya Seiko, inaweza kuonyesha pia kama saa tatu hiyo ni ya mchana au ya usiku.

Hesabu hii ya saa sita haifuati jua sawasawa. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo 45 mashariki, nayo Tarime iko karibu na 34.4, pungufu ya dakika 42 hivi. Jua huchomoza huko takriban saa 12:21 asubuhi mwanzoni mwa Novemba na saa 12:52 katikati ya Februari. Saa sita mchana ya saa ya mkononi huwa bado jua halijafika utosini. Uso uliochapwa kulifuata jua la Tarime ungekosea jua la Dar es Salaam kwa dakika 20, na ungepingana na kila simu sokoni Sirari. Kwa hiyo namba husogezwa saa sita kamili, bila nyongeza.