Injini Kubwa na Hesabu ya Petroli: Datsun Z katika Hewa ya Goma

Imekuwa ada ya wapenda magari, wawapo Mombasa au wawapo Goma, kuhukumu ulaji wa petroli kwa nambari moja tu, ile ya ujazo wa injini, hata wakadhani kwamba mtu aliyetoa injini ya lita 2.4 akatia ya lita 2.8 amejiandikia deni la kudumu kwa muuza mafuta, na kwamba deni hilo litakua kwa kadiri ileile injini ilivyokua. Dhana hiyo haikosi chembe ya ukweli, lakini chembe yenyewe ni ndogo kuliko sifa zake. Injini haichomi ujazo wake. Huchoma petroli kwa kadiri ya uzito wa hewa iliyoivuta, na uzito huo huamuliwa na kazi inayodaiwa na barabara, na mizunguko inayolazimishwa na difu, na ustadi wa fundi aliyefunga kabureta.

Nimelichagua gari la Datsun 240Z kuwa mfano, kwa kuwa hakuna gari la michezo la zama zake lililojipatia jina katika nyanda zetu kuliko hilo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki, na nafasi ya pili ikachukuliwa na gari la namna hiyohiyo chini ya usukani wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Na mwaka 1973 Mehta huyohuyo, akiwa na Lofty Drews, alilishika taji baada ya kulingana kwa alama na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun ya sura nyingine. Wazee waliosimama kando ya njia kuwatazama wangali wakiusimulia mlio wa silinda zile sita zilizopangwa safu moja.

Injini ya gari hilo, iitwayo L24, ina sentimita za ujazo 2,393. Kiwanda hakikuishia hapo: mwaka 1974 kilitoa 260Z, kikirefusha mwendo wa pistoni kutoka milimita 73.7 hadi 79, kisha kikaja na 280Z kwa kupanua silinda kutoka milimita 83 hadi 86, na ujazo ukafika 2,753. Hiyo ndiyo L28, ambayo ilitiwa pia katika Nissan Patrol ya miaka ya 1980, gari la mashamba na misafara. Kwa kuwa injini hizi ni za ukoo mmoja, zikikaribiana kwa umbo la nje na kwa uzito, kubadilisha moja kwa nyingine si kazi ya kukata chuma na kuunga: bakuli la oili, manifoldi na kabureta za gari la asili huhamishiwa kwenye injini mpya, nayo ikashushwa mahali pa ile ya zamani. Ni fundi mvivu tu atakayeshindwa hapo. Mtihani huanza gari likishawaka.

Na katika mtihani huo jambo la kwanza la kuzingatiwa ni hewa yenyewe. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Goma, uliojengwa juu ya lava ya Nyiragongo, umeinuka kidogo kuliko ziwa lake. Katika kima hicho hewa ina takriban sehemu 86 katika mia za uzito wa hewa ya pwani. Mtu akizidisha sentimita 2,753 za L28 kwa sehemu hizo 86, atapata kama 2,368, ambazo ni pungufu kidogo tu ya zile 2,393 za L24. Maana yake ni kwamba injini kubwa, ikikanyagwa hadi mwisho hapa Goma, huvuta uzito wa hewa uleule ambao injini ndogo ingeuvuta ikikanyagwa hivyohivyo pale Mombasa. Mwenye gari anadhani amenunua nguvu ya ziada, kumbe amerudishiwa amana aliyonyang'anywa na milima. Na anayemlaumu kwa ubadhirifu anamlaumu kwa kutaka gari lipande kwenda Kibumba kama lilivyoumbwa kupanda.

Lakini nani akanyagaye hadi mwisho saa zote? Gari la kilo 1,100 hivi, likienda kilomita 80 kwa saa katika lami iliyo sawa, lahitaji kwa makisio yangu kama nguvu ya farasi 11 au 12 tu, ilhali injini yake imeandikiwa zaidi ya 100. Basi muda mwingi wa uhai wake injini hufanya kazi na kipepeo cha kabureta kimefungwa karibu chote, ikivuta pumzi kwa taabu kama mivukuto ya mhunzi iliyozibwa mdomo, na taabu hiyo hulipwa kwa petroli isiyosogeza gari hata hatua moja. Kwa nguvu ileile ya farasi 12, injini kubwa hufungiwa zaidi kuliko ndogo, na msuguano wa pistoni zake ni mwingi zaidi. Hapo ndipo ilipo ile chembe ya ukweli niliyoitaja. Hata hivyo hewa nyepesi ya Goma hutoa msaada usiotarajiwa, kwani ili kupata uzito uleule wa hewa dereva hulazimika kukifungua kipepeo zaidi kuliko ambavyo angekifungua pwani, na taabu ya kuvuta hupungua. Nikijumlisha haya yote, nakadiri kwamba L28 iliyotiwa mahali pa L24, bila kuguswa kitu kingine, itaongeza ulaji wa petroli katika safari ya lami kwa chini ya sehemu 10 katika mia, ingawa ujazo umeongezeka kwa 15.

Difu ndiyo inayoweza kuifuta nyongeza hiyo. Magari ya 240Z yaliyouzwa Marekani yalikuwa na difu ya 3.36, na mengi ya Ulaya ilikuwa 3.9, yaani krenki ililazimika kuzunguka zaidi kwa kila kilomita. Mtu atiaye injini kubwa na kuacha difu ya 3.9 amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo ghali. Akitia ya 3.36, mizunguko hupungua hadi sehemu 86 katika mia, na kwa sadfa njema hiyo ni nambari ileile tuliyoiona katika hewa: jumla ya ujazo ambao pistoni za lita 2.8 zinaufagia katika kilomita moja huwa karibu sawa na ule uliofagiwa na zile za lita 2.4.

Waingereza walilijua hilo. Kiwanda cha MG, kilipoamua mwaka 1973 kutia injini ya Rover ya lita 3.5 katika gari la MGB GT lililozoea lita 1.8, kilishusha difu kutoka 3.91 hadi 3.07; na kwa kuwa injini ya Rover ilikuwa ya alumini, uzito wa gari haukupanda sana. Gari halikuwa lafi kama watu walivyotazamia. Bahati yake mbaya ilikuwa ya majira: lilitoka miezi michache kabla ya nchi za Kiarabu kukatiza mafuta mwezi Oktoba wa mwaka huohuo, wakati ambapo mnunuzi aliogopa jina la injini ya silinda nane kabla hajauliza inakunywa lita ngapi, na mpaka mwaka 1976 yakawa yametengenezwa 2,591 tu.

Nakiri kwamba difu haiwezi kumwokoa mtu wa mjini. Anayezunguka Goma kwa gia ya kwanza na ya pili juu ya mawe ya lava, akisimama na kuondoka, injini ikinguruma bure nyuma ya lori, atalipa gharama ya silinda kubwa kila dakika, wala hesabu ya lami haimhusu. Na katika njia hizo, kusema kweli, chukudu la mbao lina akili zaidi kuliko gari la michezo.

Sasa kabureta, ambayo nadhani ndiyo mhalifu mkuu katika mashtaka mengi yanayopelekwa kwa injini. Kabureta mbili za Hitachi zilizo juu ya 240Z hupima petroli kwa sindano iliyoshuka katika tundu, na hewa ikiwa nyepesi hazijui kupunguza petroli kwa kadiri ileile. Kanuni ni kwamba mchanganyiko hunenepa kwa kipeuo cha pili cha upungufu wa uzito wa hewa. Kwa Goma hiyo ni kama sehemu 7 au 8 katika mia za petroli ya bure, inayotoka nyuma kuwa moshi mweusi na kubaki kwenye plagi kuwa masizi. Ilinganishwe nambari hii na ile ya chini ya 10 niliyoikadiria kwa injini yenyewe: kabureta iliyofungwa kwa hewa ya pwani inaweza kumgharimu mtu karibu sawa na zile sentimita 360 alizoziongeza. Dawa haihitaji kununuliwa, maadamu nati iliyo chini ya kabureta ikizungushwa kwenda juu huinua tundu na kukondesha mchanganyiko, na fundi hutazama plagi mpaka rangi yake iwe ya hudhurungi badala ya nyeusi. Fauka ya hayo, kwa kuwa mgandamizo wa hewa nyepesi ni mdogo, cheche yaweza kutangulizwa kidogo bila injini kugonga.

Limebaki suala la kipimo, na hapa watu hujidhulumu wenyewe. Petroli iliyonunuliwa kwa wale wauzaji wa kando ya njia tuwaitao Kadhafi, kwa chupa na madumu, haina hesabu ya kutegemewa. Hapana budi tangi lijazwe mpaka juu, gari liende, kisha lijazwe tena kwa pampu. Kisha kuna kilomita zenyewe. Saa ya mwendo ya Datsun huendeshwa na giaboksi, wala haina habari ya difu iliyo nyuma yake, basi aliyebadilisha difu ya 3.9 kwa 3.36 akienda kilomita 100 za kweli, saa itamwandikia 86. Gari lililotumia lita 12 litaonekana kutumia karibu 14, na mwenyewe ataapa kwamba injini mpya imemfilisi, ilhali kosa liko katika kigia kidogo cha plastiki kwenye giaboksi, ambacho kiwanda kilikitengeneza kwa idadi mbalimbali za meno ili kila difu ipate chake.