Beringi Inaanzia kwenye Krenki

Injini ikinoki, wenye magari wengi hukimbilia Kariakoo au Kirinyaga Road kununua beringi kabla krenki haijatoka kwenye bloku. Muuzaji anauliza, "Standadi au ishirini na tano?" Mnunuzi anabahatisha jibu, na kazi inaharibika papo hapo. Swali hilo halijibiwi kwa mdomo. Linajibiwa na maikromita.

Anza na beringi za zamani. Zitoe moja moja, ziandike namba mgongoni, uzipange kama zilivyokaa. Mikwaruzo inayofuata mzunguko wa krenki ni mchanga au unga wa chuma uliopita kwenye oili. Uso uliofutika na kuungua weusi ni njaa ya oili: pampu imechoka, au njia imeziba. Ukiona konrodi moja imelika beringi ya juu ukingo huu na ya chini ukingo wa pili, konrodi hiyo imepinda. Beringi bora kuliko zote duniani haitapona kwenye injini ambayo chanzo cha ugonjwa kimeachwa ndani.

Halafu pima kila shingo ya krenki mbele na nyuma, kisha zungusha robo upime tena, ili ujue kama imebaki duara. Ikiwa nzima na iko ndani ya kipimo, unanunua standadi. Ikiwa imelika au ina mikwaruzo inayokwama kwenye ukucha, inachongwa kwenda milimita 0.25, 0.50 na kuendelea, na beringi inaongezwa unene kwa ndani kufidia chuma kilichoondolewa. Angalia mgongoni kilichopigwa. Beringi za vipimo vya Kimarekani huandikwa 010, na hiyo ni sehemu ya inchi, sawa na milimita 0.254. Nimeona watu wakiisoma kama milimita 0.10.

Utaratibu ninaousisitiza, ingawa wengi huugeuza, ni huu: pima, amua saizi, nunua beringi, ndipo umpelekee mchongaji krenki pamoja na beringi zenyewe. Mchongaji mzuri anachonga kufuata unene ulio mkononi mwake. Akirudisha kazi, tazama pembe pale shingo inapokutana na ukuta wake. Lazima pawe na mviringo laini kama ule wa kiwandani, maana pembe kali ndipo krenki hukatikia. Midomo ya matundu ya oili nayo iwe imelainishwa, la sivyo itakwangua beringi mpya siku ya kwanza.

Na standadi yenyewe si moja. Kwenye 4A-FE ya Toyota, iliyobeba Corolla na Carina nyingi za huku kwetu, bloku na krenki vimepigwa namba. Unazijumlisha: bloku 2 na krenki 1 ni 3, basi shingo hiyo ya meni, ile inayokaa kwenye bloku, inadai beringi namba 3. Honda hutumia rangi. Tofauti kati ya namba moja na inayofuata ni sehemu chache tu za elfu ya milimita, lakini nafasi ya oili ya meni kwenye 4A-FE ni milimita 0.015 hadi 0.033, kwa hiyo hata sehemu tatu au nne za elfu ni kitu kikubwa. Krenki ikishachongwa, namba hizo hazina kazi tena.

Sasa madini. Mwaka 1839 Mmarekani Isaac Babbitt alipewa hataza ya beringi zilizotandikwa metali laini yenye bati, na siri ya beringi nzuri bado ni ulaini huo. Beringi ya tabaka tatu ina mgongo wa chuma, shaba yenye risasi katikati, na juu ngozi nyembamba sana ya risasi na bati. Ya tabaka mbili ina chuma na aluminiamu yenye bati, mara nyingi na silikoni. Hii ya pili ni ngumu na hudumu, na viwanda vinaipenda kwa sababu krenki yao ni mpya na safi. Kwa krenki iliyochongwa, iliyofungwa kwenye gereji ambayo upepo hauachi kuleta vumbi, mimi nachagua tabaka tatu. Ngozi yake inameza chembe ndogo kabla haijaikata krenki, na inasamehe shingo iliyokosa unyoofu kidogo. Matoleo mapya ya Ulaya mengi yameacha risasi kwa sababu ya sheria ya 2000 ya magari yaliyokwisha umri. Bati au bismathi imeshika nafasi yake, na zinafanya kazi vizuri.

Taiho na Daido za Japani, Glyco ya Ujerumani, King ya Israeli na ACL ya Australia ni majina ninayoyaamini. Lakini jina zuri ndilo linaloigwa, kwa hiyo fungua boksi palepale kaunta. Mgongo uwe laini, na alama iliyopigwa isomeke kwa ukali uleule kwenye kila kipande. Ulimi wa kukalia uwe umekatwa safi. Tundu la oili la beringi ya meni ya juu likutane sawasawa na la bloku. Kwenye injini nyingi nusu ya juu ndiyo yenye mfereji na ya chini haina, kwa kuwa chini ndiko mzigo unakolala. Ukizibadilisha nafasi, oili haifiki.

Pima unene kwa maikromita yenye kichwa cha mviringo, kwa sababu kichwa bapa hudanganya kwenye uso uliopinda. Pima katikati: karibu na ncha beringi hufanywa nyembamba makusudi. Vipande vya seti moja, vyenye namba moja, vikitofautiana zaidi ya milimita 0.01, rudisha boksi.

Ncha za beringi husimama juu kidogo ya ukingo wa makazi yake. Usizipige tupa. Kofia ya beringi ikikazwa, ncha hizo ndizo zinazoibana beringi isizunguke na kuufanya mgongo wake ugande kwenye chuma, joto lipite. Ndiyo maana fundi anayekata kopo la soda kuweka nyuma ya beringi ili "ikaze" hafai kugusa injini yako. Chukua krenki yako uondoke.

Fungia na plastigeji, ule uzi laini wa kupimia nafasi ya oili, bila kupaka oili, kaza kwa toki renchi hadi kipimo cha kitabu, na usizungushe krenki hata kidogo. Fungua, soma upana wa uzi uliobanwa. Fanya hivyo kwa kila shingo, si moja kwa niaba ya zote. Mwisho ni zile nusu duara za kuzuia krenki isisogee mbele na nyuma, ambazo huuzwa kando na husahaulika: kwenye 4A-FE msogeo ni milimita 0.02 hadi 0.22, ukifika 0.30 zinabadilishwa, na mifereji yake inaelekea kwenye krenki.