Mwandani Abaki Yuleyule

Katika michezo ya video ya kuigiza wahusika, mchezaji hasafiri peke yake. Hufuatana na wandani: mmoja mpiga upinde, mwingine mchawi, mwingine mtumwa aliyemtoroka bwana wake. Hupigana bega kwa bega, hupiga kambi, na usiku ukiingia huketi wakazungumza. Baldur's Gate II, mchezo wa kampuni ya BioWare ya Kanada uliotoka mwaka 2000, uliwazoesha wachezaji wengi kwamba mazungumzo hayo ya kambini yanaweza kuzaa mapenzi. Naisifu hapa kazi ya wanaoyaandika mapenzi hayo, kwa sababu ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, na wengi huitambua siku inapoharibika tu.

Mwandishi wa riwaya anajua wapenzi wake wataambiana nini, na lini. Mwandishi wa mchezo hana uhakika huo. Mchezaji mmoja atakiokoa kijiji, mwingine atakiteketeza. Mmoja atambembeleza mwandani wake tangu siku ya kwanza, mwingine atampuuza hadi safari ikaribie kwisha. Kila njia inataka maneno yake, na katika njia zote lazima asikike mtu yuleyule. Ni kama malenga aliyeambiwa atunge beti mia zitakazoimbwa kwa mpangilio asioujua, na bado kina kisipotee hata katika ubeti mmoja.

Mfano wa kazi iliyotimia ni Alistair wa Dragon Age: Origins, mchezo wa mwaka 2009, aliyeandikwa na David Gaider. Alistair ni kijana mcheshi na mwenye haya, lakini ana donda moja: jemadari Loghain aliwatelekeza mfalme na askari wake vitani, na Duncan, aliyekuwa kama baba kwa Alistair, akafa hapo. Karibu na mwisho wa hadithi mchezaji huamua kama Loghain afe au asamehewe. Akimsamehe, Alistair huondoka, hata kama mchezaji ndiye mpenzi wake. Inauma, lakini ni haki. Mapenzi hayakumgeuza kuwa mtu mwingine, na ndiyo maana yanaaminika.

Mchezo huohuo ulikuwa na udhaifu uliorithiwa na mingine mingi. Kila mwandani ana kipimo cha kuridhika, kuanzia hasi 100 hadi 100, na zawadi hukipandisha. Mchezaji anaweza kumuudhi Morrigan, mmoja wa wandani hao, kwa uamuzi baada ya uamuzi, kisha akamtuliza kwa vito. Hapo hesabu imeishinda tabia. Mwanamke anayedharau huruma na kuchukia kuamrishwa hawezi kununuliwa kwa kidani, na kalamu iliyomchora kwa umakini mkubwa inavunjiwa kazi yake na namba.

Kosa zito zaidi liko katika mfululizo wa michezo ya Mass Effect. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 2010, Kamanda Shepard wa kike, mhusika anayeongozwa na mchezaji, anaweza kupendana na mwandani wake Jacob Taylor. Jacob humpata baba yake katika sayari ya mbali, akagundua kwamba mzee huyo aliwatelekeza na kuwadhulumu watu waliokuwa chini yake. Anamchukia kwa hilo. Kisha inakuja sehemu ya tatu, mwaka 2012: Jacob amempata mwanamke mwingine, naye ni mjamzito, na Shepard anaarifiwa kana kwamba ni habari ndogo. Binadamu huachana, na hadithi ina ruhusa ya kumvunja mpenzi moyo. Ila mwana aliyechukizwa na usaliti wa baba yake hawezi kusaliti bila hata sentensi moja ya kupambana na nafsi yake. Mwandishi alidaiwa sentensi hiyo.

Katika michezo hiyohiyo yupo Garrus Vakarian, askari kutoka sayari nyingine. Katika sehemu ya tatu humpeleka Shepard mahali pa juu sana, wakashindana kulenga chupa kwa bunduki. Tukio hilo lipo kama ni marafiki, na lipo kama ni wapenzi. Utani ni uleule na heshima ni ileile; mapenzi yanaongeza kina tu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na waandishi wa Garrus walijua kwamba ndiye pia mpenzi.

Baldur's Gate 3, iliyotolewa na Larian Studios ya Ubelgiji mwaka 2023, ilianza kwa kuteleza: wandani walimtongoza mchezaji mapema mno. Mkuu wa kampuni, Swen Vincke, alieleza kwamba ilikuwa kasoro ya viwango vya kuridhika. Kasoro ya hesabu ilitosha kumfanya mtu mwenye staha aonekane mwenye pupa. Lakini ndani ya mchezo huo kuna kazi ya kupigiwa mfano. Mwandani aitwaye Karlach amewekewa kifuani mtambo wa kuzimu unaowaka, hivyo hawezi kumgusa yeyote hadi fundi autengeneze. Hamu yake ya kukumbatiwa inatokana na historia yake. Mwenzake Astarion, aliyelazimishwa kwa karne mbili kuwanasa watu kwa urembo wake, humtongoza mchezaji kwa ustadi ule wa utumwani, kisha hukiri kwamba ilikuwa hila iliyomgeukia. Mapenzi yake yanaanza kwa dhati pale anapoheshimiwa akisema hapana.

Hao ndio wandani wanaodumu mioyoni, kwa sababu aliyewaandika hakusahau walikotoka. Hukumu yangu ni kwamba hii ni fasihi kamili, na inastahili kupimwa kwa mizani ya fasihi: isifiwe inapotimia, isutwe inapolegea. Nawe msomaji, ukimaliza mchezo usikimbilie kuuzima. Subiri orodha ya majina ipite, uwatafute waandishi, uwakumbuke kama unavyowakumbuka waandishi wa vitabu uvipendavyo.