Seli "Kujila": Uhakiki wa Istilahi ya Otofagia

Mwaka 1963 mwanasayansi wa Ubelgiji, Christian de Duve, aliunda neno otofagia kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "nafsi" na "kula". Dhana yenyewe ni utaratibu wa seli kukusanya sehemu zake zilizochakaa, kuzifungia katika kifuko cha utando, na kukiunganisha kifuko hicho na kingine chenye vimeng'enya, ili vilivyomo vivunjwe na kutumiwa upya. Mjapani Yoshinori Ohsumi alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuuchunguza utaratibu huo.

Tafsiri sisisi ya neno hili ni "kujila". Makala haya yanadai kwamba tafsiri hiyo haifai, na kwamba kasoro yake hudhihirika zaidi inapotumiwa kueleza jinsi Virusi vya Ukimwi (VVU) vinavyoongezeka mwilini.

Kasoro ya kwanza ni ya maana. Msomaji akiambiwa kwamba kitu kinajila, huelewa kwamba kinajiangamiza. Kumbe seli kwa kawaida hufanya hivyo ili iishi, hasa wakati wa upungufu wa chakula. Tena nomino "ulaji" imekwisha kubeba maana ya rushwa katika mazungumzo ya siku hizi.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. "Kujila" hutaja hatua ya mwisho tu, ilhali VVU huzitenganisha hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 juu ya makrofaji, yaani seli za kinga zimezazo vijidudu, ulionyesha kwamba hatua za mwanzo za otofagia husaidia virusi kutengenezwa, bali hatua ya mwisho huviangamiza. Protini ya virusi iitwayo Nef ndiyo huizuia hatua hiyo ya mwisho. Basi tukisema kwamba VVU hufaidika "seli inapojila", tumelitaja tendo lile lile ambalo virusi hulizuia lisitimie.

Kuhusu namna ya kuita mambo ya tiba, tunalo somo la nyumbani. Miaka ya 1952 na 1953 homa kali ilienea Newala na Masasi, katika uwanda wa juu wa Makonde na kandokando yake. Wenyeji waliiita chikungunya, yaani kile kinachokunja, kwa jinsi mgonjwa alivyopindwa na maumivu ya viungo. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walipochapisha habari zake mwaka 1955 walilichukua jina hilo, na leo latumika duniani kote. Waandishi kadhaa wameliita la Kiswahili. La hasha, ni la Kimakonde. Ubora wake ni kwamba lataja lionekanalo, wala halidai kujua zaidi ya hapo.

Virusi vya chikungunya navyo vyatufundisha tahadhari hiyo hiyo. Utafiti wa seli za binadamu uliochapishwa mwaka 2013 ulibaini kwamba protini moja ya otofagia, p62, huvinasa vipande vya virusi ili vivunjwe, na nyingine, NDP52, husaidia virusi kuongezeka. Utaratibu mmoja, pande mbili.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Mwananchi anayeishi na VVU akiambiwa kwamba kufunga kula huamsha otofagia, na kwamba otofagia ni seli "kula" uchafu wake, hatakosa kudhani kwamba virusi navyo vitaliwa, na kwamba dawa hazina haja. Neno litakuwa limemwahidi jambo ambalo sayansi haikumwahidi. Dawa za kufubaza virusi ndizo zilizothibitika.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu. Neno otofagia libaki kwa utaratibu mzima. Hatua ya kufungia vitu katika kifuko iitwe ufumbataji. Hatua ya kuvivunja iitwe umeng'enyaji, neno ambalo mizizi yake wanafunzi wa baiolojia wanaifahamu. Hapo ndipo tutakapoweza kuandika kwa usahihi: "Katika makrofaji, VVU hufaidika na ufumbataji, huku Nef ikizuia umeng'enyaji." Sentensi hiyo haiwezi kuandikwa kwa neno "kujila", na hiyo ni sababu tosha ya kuliacha.