Kikw'adza, Kiaasax na Mti wa Kikushi cha Kusini

Msafiri wa zamani aliyetoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe alipita katika lugha nyingi kuliko alizozijua majina. Alipanda Usagara, akapumzika Mpwapwa, akavuka Ugogo kwa kulipa hongo, akaingia Mgunda Mkali, lile pori la Wakimbu lililoogopwa kwa kiu, na mwishowe akafika Tabora, mji ambao Burton na Speke, walipowasili Novemba 1857, waliuandika kwa jina la Kazeh. Vitabu vya wasafiri hao vimejaa habari za nguo, shanga, hongo na utoro wa wapagazi. Habari za lugha ndogo zilizosemwa kando ya njia ni haba mno, na msomi wa leo anayetaka kuzijua hana budi kuokota punje moja moja.

Miongoni mwa lugha hizo ni Kikw'adza, kilichosemwa katika nchi ya kati, upande wa Ugogo. Hakisemwi tena, mtu wa mwisho aliyekijua alifariki katika robo ya mwisho ya karne ya 20. Kiaasax, kilichosemwa mashariki zaidi katika nyika ya Wamasai, kilitoweka na msemaji wake wa mwisho mwaka 1976. Jinsi Kiaasax kilivyokufa tunaijua kwa kiasi fulani kwa kazi ya J. C. Winter iliyotoka mwaka 1979: baada ya sotoka ya miaka ya 1890 kumaliza ng'ombe, Wamasai waliofilisika walikwenda kukaa na wawindaji hao, na lugha ya mgeni ikaishika nyumba ya mwenyeji. Lakini kufa kwa lugha hizi siko ninakokusudia kukujadili. Ninalotaka kulitahakiki ni jambo lililofanyika baada ya mazishi, yaani namna wanaisimu walivyowapangia marehemu hawa mahali katika mti wa ukoo.

Nilipokuwa mwanafunzi Ulaya, ukutani mwa chumba chetu cha darasa palikuwa na mchoro wa lugha za Afrika. Tawi la Kiiraqw, lugha yenye wasemaji mamia ya maelfu, lilichorwa kwa wino mzito. Tawi la Kikw'adza lilichorwa kwa wino huo huo na kwa unene ule ule. Nilimwuliza mwalimu wetu sababu, akajibu kwamba mchoraji alikuwa na kalamu moja tu. Tulicheka, nami nikaandika jibu lile pembeni mwa daftari langu, kwa kuwa niliona kwamba mzaha ule umebeba kasoro ya fani nzima.

Kitabu kilichoweka Kikw'adza katika mti huo ni kile cha Christopher Ehret cha mwaka 1980, kinachojenga upya sauti na msamiati wa lugha mama ya Kikushi cha Kusini. Haki itendeke kwanza. Ehret aliitafuta lugha hii wakati ambapo wengine walikuwa wamekwisha kuipa mgongo, na bila ya kazi yake tusingekuwa na mengi ya kubishania. Yeye anakiweka Kikw'adza pamoja na Kiaasax kuwa tawi la mashariki la Bonde la Ufa, mkabala na tawi la magharibi lenye Kiiraqw, Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge. Kisha anaongeza matawi mawili ya mbali: Kimaa cha milima ya Usambara, ambacho wengine hukiita Kimbugu, na Kidahalo cha pwani ya kaskazini ya Kenya.

Kwamba Kikw'adza na Kiaasax ni lugha za Kikushi, na kwamba zina undugu fulani na Kiiraqw, mimi sina ubishi nalo. Ubishi wangu ni juu ya hatua ya pili. Lugha mbili hazipati kuwa tawi moja kwa sababu zimehifadhi maneno yale yale ya babu yao. Kila mjukuu aweza kurithi kigoda. Huwa tawi moja zinapoonyesha mabadiliko ambayo ziliyapata pamoja, mbali na ndugu zao wengine: sauti iliyogeuka kwa kanuni, kiambishi kilichozuliwa, mpango mpya wa kitenzi. Mambo hayo hukaa katika sarufi kuliko katika orodha ya maneno. Na kwa Kikw'adza tunayo orodha ya maneno. Sarufi yake ni vipande tu.

Wapo walioiona hatari hii. Roland Kiessling na Maarten Mous, katika kitabu chao cha mwaka 2003, walijenga upya msamiati wa tawi la magharibi peke yake, kwa kutegemea zile lugha nne ambazo wasemaji wake wako hai na ambazo sarufi yake yaweza kuchunguzwa. Kikw'adza na Kiaasax hawakuviweka katika msingi wa jengo. Baadhi ya wasomaji waliona huo ni woga. Mimi naona ni adabu ya kazi. Na njia waliyoipita ilikuwa imekwisha kufyekwa hapa hapa nyumbani, maana W. H. Whiteley, mtu ambaye wasomi wa Kiswahili wanamjua kwa kazi nyingine, alitoa maelezo yake mafupi ya Kiiraqw mwaka 1958, akiongeza habari za Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge.

Tazama sasa yaliyoyapata matawi mengine ya mti ule wa 1980. Mwaka huo huo Robert Hetzron alidai kwamba kundi zima la Kusini si tawi la peke yake, bali ni sehemu ya Kikushi cha Mashariki. Mauro Tosco, aliyekaa na Wadahalo na kuandika muhtasari wa sarufi yao mwaka 1991, baadaye alikitoa Kidahalo katika kundi la Kusini na kukitia katika la Mashariki. Kimaa nacho, kwa uchunguzi wa Mous uliotoka mwaka 2003, kimeonekana kuwa lugha ya mchanganyiko: sarufi yake ni ya Kibantu, na maneno yake ya asili nyingine yamehifadhiwa kama vazi la kujitofautisha na majirani. Matawi haya yote yalichunguzwa upya kwa sababu wasemaji wake waliweza kuulizwa upya. Kikw'adza kimebaki pale kilipowekwa, si kwa kuwa hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko hoja za wenzake, bali kwa kuwa hakuna wa kuulizwa. Huu ndio upotovu ninaoulalamikia. Katika vitabu vyetu ukimya wa marehemu umehesabiwa kuwa ni ithibati.

Atakayesema kwamba lugha iliyokufa haiwezi kamwe kuwekwa mahali pake atakuwa amevuka mpaka, na mfano wa Kiubykh unamkana. Waubykh walikuwa watu wa pwani ya Bahari Nyeusi katika nchi ya Kaukasi. Mwaka 1864, Warusi walipoishinda nchi yao, walihama wakaenda katika dola ya Waturuki, na huko wajukuu wao wakaiacha lugha polepole. Msemaji wa mwisho, Tevfik Esenç, alifariki tarehe 7 Oktoba 1992. Lakini kabla ya siku hiyo Georges Dumézil alikuwa ameifanyia kazi tangu miaka ya 1930, Hans Vogt alikuwa ametoa kamusi mwaka 1963, na Esenç mwenyewe alikuwa amekaa na wataalamu mwaka baada ya mwaka, akisema, akirudia na kusahihisha. Ndiyo maana twajua kwamba lugha hiyo ilikuwa na konsonanti zaidi ya 80 na irabu mbili au tatu tu, na kwamba ni ndugu wa Kiabkhaz, Kiabaza, Kiadyghe na Kikabardi katika kundi la Kaskazini Magharibi. Hata hivyo, pamoja na hazina yote hiyo, wataalamu bado wanabishana kama Kiubykh kilikuwa karibu zaidi na upande wa Kiabkhaz au na ule wa Kiadyghe. Ikiwa lugha yenye kamusi, hadithi na sauti zilizonaswa ina swali lisilofungwa, seuze Kikw'adza.

Tuilete hoja nyumbani Tabora. Katika karne ya 19 Edward Steere, aliyekuwa akikaa Unguja, alikusanya kijitabu cha Kinyamwezi kama kilivyosemwa Unyanyembe. Tuseme Kinyamwezi kingekufa wakati ule, tukaachiwa kijitabu hicho tu. Kwamba ni Kibantu tungejua mara moja, maana ngeli hazifichiki. Lakini Kinyamwezi kina irabu saba na tofauti za toni, na sikio lililozoea irabu tano za Kiswahili huandika tano. Na katika neno la hesabu, pale Mswahili asemapo *tatu*, Mnyamwezi husema *datu*. Mtu mwenye orodha moja na asiye na shahidi wa pili angesema mwandishi alisikia vibaya, angeifuta ile *d* na kuweka *t*, na kwa kufuta huko angekuwa ameifuta moja ya kanuni mashuhuri za isimu ya Kibantu. Kwani mmisionari Edmund Dahl, kwa kuishi na wasemaji na kusikia maneno mengi ya namna hiyo, aligundua kwamba konsonanti isiyo ghuna hugeuka kuwa ghuna inapofuatwa na silabi yenye konsonanti nyingine isiyo ghuna. Meinhof aliitangaza kwa jina la Kanuni ya Dahl, nayo baadaye ikatambuliwa katika lugha nyingine kama Kigikuyu. Kamusi ya Dahl ilitoka mwaka 1915. Sarufi ya Clement Maganga na Thilo Schadeberg mwaka 1992. Kila kazi imesahihisha iliyotangulia. Ni *datu* ngapi zilizofutwa katika Kikw'adza?

Jambo hili lisingekuwa na uzito mkubwa lau lingebaki kwa wanaisimu. Lakini historia ya ufugaji na kilimo cha bara, hata ya nchi za magharibi, imeandikwa kwa sehemu kwa ushahidi wa maneno yanayosemwa kuwa yalikopwa kutoka Kikushi cha Kusini miaka elfu mbili au zaidi iliyopita. Katika kitabu chake cha mwaka 1998 Ehret anazitaja hata jamii, kama ile aliyoiita Tale, ambazo hazikuacha msemaji wala daftari, na ambazo twazijua kwa maneno ya mkopo tu. Hapa njia ya misafara inaleta shaka ambayo sijaiona ikipimwa inavyostahili. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita Ugogo msimu baada ya msimu, wakapiga kambi, wakanunua nafaka, na wengine wakalowea. Wakimbu nao walikuwa na makazi humo humo Ugogo. Neno linalofanana katika Kinyamwezi na Kikw'adza laweza kuwa la miaka elfu mbili, na laweza pia kuwa lilifika juu ya bega la mpagazi mwaka 1860. Kwa upande wa Kinyamwezi tunacho kipimo: neno la kale lenye umbo linalofaa lingetazamiwa kuonyesha alama ya Kanuni ya Dahl, na neno la juzi huenda lisiionyeshe. Kwa upande wa Kikw'adza kipimo hakuna, na mizani yenye sahani moja haipimi.

Mtego wa namna hii tulikwisha kuuona katika nchi hii hii. Kihadza cha Ziwa Eyasi na Kisandawe cha Kondoa vilitiwa na Greenberg, mwaka 1963, katika ukoo mmoja na lugha za Wakhoisan wa kusini mwa Afrika, na vidoko vyake viliwashawishi wengi kukubali. Bonny Sands alipozipima hoja hizo mwaka 1998 aliona kwamba undugu wa Kihadza haukuthibitika. Wahadza walikuwapo kujibu maswali yake.

Kwa hiyo napendekeza kalamu ya pili. Kikw'adza na Kiaasax vichorwe kwa nukta, viunganishwe na Kikushi karibu na Kiiraqw, na hilo tawi la mashariki liandikwe kuwa dhana mpaka mtu atakapoonyesha kanuni za sauti zinazozihusu lugha hizo mbili peke yake. Neno lisilo na shahidi mwingine ila Kikw'adza lisiruhusiwe kubeba historia ya watu.

Nami sijitoi katika lawama. Miaka michache iliyopita nilikwenda kwa mzee mmoja mrina asali, kusini ya Tabora, nikiwa na ile orodha ya maneno ya msingi ambayo sote tulipewa vyuoni. Orodha hiyo inataka neno la barafu na neno la bahari. Mzee alivumilia hadi tukafika katikati, akaniuliza, "Mwanangu, mbona huniulizi habari za mzinga?" Nikaiweka orodha chini. Jioni ile alinipa majina ya miti ya kuchongea mizinga, ya aina za nyuki na ya sehemu za sega, mengi yakiwa maneno ambayo sikuyajua, mimi niliyezaliwa na kulelewa katika Kinyamwezi. Mwaka wa pili nilirudi, nikamsomea yote niliyoyaandika. Alinisahihisha mara kumi na saba kabla hatujanywa uji.