Kipi Kitulie: Gari au Barabara?

Muuzaji wa kamera za gari atakwambia video yake "haitikisiki". Muulize: ni kipi kisichotikisika?

Kutuliza picha kielektroniki hakuzuii mtikisiko. Jairoskopu hupima kamera imegeuka kiasi gani, kisha programu huisogeza picha upande wa pili na kukata kingo. Ndiyo maana picha iliyotulizwa huwa finyu kidogo kuliko ya kawaida.

Anza na boneti. Kamera na gari hurukaruka pamoja, kwa hiyo bila kutuliza, boneti na dashibodi hukaa tuli na barabara ndiyo hucheza. Ukiwasha, mambo hugeuka: barabara hutulia, dashibodi huyumba kama mtumbwi. Hilo si hitilafu, ni chaguo baya la mpiga picha. Ukimpiga picha dereva au abiria, zima. Ukitaka barabara, washa, na elekeza lenzi ili boneti isionekane.

Pili, kona. Programu haina hakika kama gari linakata kona au linatikiswa tu. Iliyo mbovu hung'ang'ania uelekeo wa zamani mpaka kingo ziishe, kisha picha huruka ghafla. Iliyo nzuri huingia kona pamoja na dereva. Barabara ya Kitonga, Iringa, kwa kona zake za mfululizo, itakuonyesha tofauti hiyo upesi.

Tatu, usiku, wakati ambapo wengi hudanganyika. Gizani kila picha huhitaji muda mrefu wa kupokea mwanga, pengine 1/30 ya sekunde. Gari likigonga tuta ndani ya muda huo, ukungu huingia kwenye picha yenyewe, na hakuna programu ya kuisogeza itakayoufuta. Utaona taa zimekaa mahali pake, lakini zimevutika kama uzi. Mchana, kwa 1/500, kasoro hiyo ni nadra kuonekana.

Mwisho, nguzo. Sensa nyingi husoma picha mstari kwa mstari. Mtetemo wa injini ukiwa wa kasi, nguzo za umeme hupinda kama jeli. Dawa yake ni kishikio kifupi kilichokazwa barabara; mkono mrefu huzidisha mtetemo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba video moja isiyohaririwa yenye tuta, kona na usiku. Ya mchana kwenye lami mpya haithibitishi chochote.